Malaria ya milimani na mwanga mara tatu: historia ya doa jeusi

Leo naweka programu kando kidogo, nataka kuwasimulia historia ya doa jeusi. Ni doa dogo kuliko chembe ya damu, na watu wamelifuata kwa zaidi ya miaka 170: kwanza kwa macho makavu, halafu kwa hadubini, na katika miaka ya karibuni kwa leza. Fani hiyo ya mwisho ina jina refu la kutisha: spektroskopia ya optiki isiyo ya mstari. Msitoroke! Nitaanzia mahali wengi wetu tunapapajua, yaani Kisii na Nyamira.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi watu wa milima hii waliichukulia malaria kuwa ugonjwa wa kule chini, kwa watu wa ziwani. Hawakuwa wamekosea sana, na sababu yake unaweza kuiandika kwa fomula ya mstari mmoja. Kimelea cha malaria kinachoua zaidi, Plasmodium falciparum, lazima kikomae ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu. Wanasayansi wa wadudu hukadiria siku zinazohitajika hivi: chukua 111, ugawanye kwa joto ukitoa 16. Basi.

Hebu tuiendeshe. Joto likiwa nyuzi 25, kimelea kinahitaji kama siku 12. Likiwa 20, siku 28. Likiwa 18, karibu siku 56, na mbu wengi hufa kabla ya kufika huko. Sasa angalia vizuri: kutoka nyuzi 18 hadi 20 ni nyuzi mbili tu, lakini muda umekatika katikati. Ukikaribia 16 fomula inagawanya kwa sifuri, na sisi watu wa programu tunajua maana yake. Huu ni uhusiano usio wa mstari: badiliko dogo linaingia upande mmoja, kubwa linatoka upande wa pili. Liweke akilini neno hilo maana tutalikuta tena kwenye mwanga.

Kwa hiyo milima ya Gusii iko palepale ukingoni. Mwaka wa baridi, malaria ni kidogo. Mwaka wa joto na mvua nyingi, inapanda. Na ikipanda inaua vibaya kuliko ziwani, kwa sababu kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara. Mtu mzima wa Homa Bay ana kinga fulani mwilini, lakini wa Marani anaweza kuwa hana kabisa.

Marani nimeitaja kwa makusudi. Ni mojawapo ya maeneo ya nyanda za juu ambayo watafiti wa KEMRI na wenzao waliyafuatilia kwa miaka, pamoja na Iguhu kule Kakamega na Fort Ternan kule Kericho. Walichogundua kinanivutia hadi leo: hata umbo la bonde lina neno lake. Bonde pana lenye sakafu tambarare, kama la Iguhu, hutuamisha maji, kwa hiyo mbu wanazaliana karibu mwaka mzima na watu wanapata kinga. Bonde jembamba lenye umbo la herufi V, kama la Marani, hupitisha maji haraka. Mbu ni wachache, kinga ni ndogo, na siku mambo yakiharibika yanaharibika kweli. Ukiongeza mashimo ya udongo wa matofali yanayobaki wazi na kujaa maji, na vinamasi vilivyofyekwa ili kupanda mboga, utaona kuwa mtu naye ana mkono wake hapo.

Milipuko ya milimani iliandikwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, halafu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1980 kukawa na utulivu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikarudi. Wataalamu wakaanza kubishana kwa nini. Mwaka 2002 kundi moja liliandika katika jarida la Nature kwamba takwimu za hali ya hewa za sehemu nne za nyanda za juu, Kericho ikiwemo, hazionyeshi joto kupanda, kwa hiyo sababu itafutwe kwingine, hasa katika dawa zilizokuwa zimeshindwa. Mwaka 2006 wengine wakachambua upya na kuona joto limepanda. Mwaka 2011 rekodi za mashamba ya chai ya Kericho zilirudiwa kwa makini na ongezeko la joto likaonekana wazi. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na jambo. Klorokwini ilikuwa imechoka, na Kenya iliiacha mwaka 1998 kwa kuchukua dawa ya SP, ambayo nayo haikudumu. Mwaka 2004 sera ikahamia kwenye dawa ya mchanganyiko inayotokana na artemisinini, ile wengi wanaiita Coartem, nayo ikafika vituoni mwaka 2006.

Lakini kuna kisa cha mwaka huohuo wa 2002 ambacho ndicho kiini cha makala hii. Katikati ya mwaka, malaria ilijaza hospitali za Kisii, Gucha, Kericho na Nandi. Mwaka uliofuata watafiti walirudi nyuma kuuliza: je, ingewezekana kuonywa mapema? Jibu lao lilichapishwa katika jarida la Lancet. Utabiri wa msimu haukuiona mvua kubwa ikija. Vipimo vya mvua yenyewe vingetoa onyo. Hesabu za kila mwezi za wagonjwa wa nje waliosemekana kuwa na malaria hazikutoa kengele yoyote ya maana. Na zaidi ya hapo, waliona kwamba Nandi na Kericho palikuwa na mlipuko wa kweli uliotokana na mvua isiyo ya kawaida, ilhali Kisii na Gucha mvua ilikuwa ya kawaida na malaria ile ilikuwa ya msimu, ile inayopanda kila mwaka.

Fikiria maana yake kwa mtu anayeendesha kituo cha afya. Foleni ni ndefu kote kule. Kwa macho, zote ni sawa. Kutofautisha mlipuko na msimu kunahitaji hesabu unazoziamini, na hesabu za wakati ule mara nyingi zilikuwa hesabu za homa. Mtoto akifika na homa, anaandikiwa malaria, anapewa dawa, anaingia kwenye daftari. Kwa lugha yetu, data ilikuwa chafu tangu inapoingia, na hakuna programu ya kuisafisha baadaye. Ilikuwa inakosekana ishara moja isiyodanganya.

Sasa turudi kwenye doa jeusi.

Mwaka 1847, Mjerumani Heinrich Meckel alikagua mwili wa mgonjwa aliyefia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakuta punje nyeusi za rangi ndani ya damu na wengu. Hakujua ni nini. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine nchini Algeria, alizifuata punje hizo chini ya hadubini, na tarehe 6 Novemba akaona kitu chenye punje hizo kikitikisa mikia. Kilikuwa hai. Ndipo ilipojulikana kwamba malaria ni kimelea, wala si hewa mbaya ya vinamasi kama jina lenyewe linavyodai. Alipewa Nobeli mwaka 1907. Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, alipasua mbu aliyemnyonya mgonjwa na akaziona punje zilezile kwenye ukuta wa tumbo lake. Bila ile rangi nyeusi, sijui angekitambuaje kimelea kati ya seli zote za mbu.

Kwa nini punje hizo zipo? Hapa kuna kitu kizuri sana. Kimelea kinaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na chakula chake ni himoglobini. Kikishaila, kinabakiwa na hemi, kile kipande chenye chuma, ambacho ni sumu kwake. Mwili wetu una njia za kukivunja. Kimelea hakina njia ya kutosha. Kinachofanya ni kupanga hemi hizo kwa safu hadi ziwe fuwele, ngumu, isiyoyeyuka, isiyodhuru. Ndiyo taka yake, na inaitwa hemozoini. Klorokwini na kwinini hufanya kazi kwa kuzuia upangaji huo: taka inakosa pa kwenda na kimelea kinasumika kwa chakula chake mwenyewe. Muundo wa kemikali wa fuwele hiyo ulieleweka miaka ya 1990, na mpangilio wake kamili wa atomi ulichapishwa mwaka 2000.

Yaani kwa miaka 150 watu walikuwa wakilitazama doa kama alama ya kimelea tu. Kumbe ni fuwele. Na fuwele zina tabia zake mbele ya mwanga mkali.

Sasa mwanga. Katika maisha ya kawaida mwanga ni mpole. Ukimulika kioo chekundu, mwanga mwekundu unapita, hautoki na rangi nyingine. Ukiongeza mwanga mara mbili, unatoka mara mbili. Huo ni uhusiano wa mstari, na karibu spektroskopia yote ya zamani imejengwa juu yake: tuma mwanga, angalia ni rangi zipi zimemezwa, ujue kilichomo.

Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kule California, kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha mwale wa leza kama hiyo, nanomita 694, ndani ya fuwele ya kwatsi. Upande wa pili, mbali na ule mwekundu, kukatoka mwanga hafifu sana wa nanomita 347, nusu ya urefu wa wimbi, urujuanimno usioonekana kwa jicho. Mwanga ulikuwa umebadilika rangi ukiwa njiani. Ulikuwa hafifu kiasi kwamba kwenye picha ulionekana kama kidoa tu, na mhariri wa Physical Review Letters akadhani ni uchafu akakifuta! Makala ikachapishwa na mshale unaoelekeza mahali pasipo na kitu. Nikisikia mtu akisema data yake ina kelele, huwa namkumbuka mhariri yule :-)

Kilichotokea ni hiki. Mwanga ni mtetemo, na unapopita ndani ya kitu unazitikisa elektroni zake. Ukizitikisa kidogo zinafuata mwendo wako. Ukizitikisa kwa nguvu kupita kiasi haziwezi tena kukufuata sawasawa, mwendo wake unapindika, na mpindiko huo unazaa mitetemo mipya ya kasi maradufu, mara tatu, na zaidi. Ni kama redio ndogo ya sokoni iliyofunguliwa hadi mwisho: spika inaanza kukoroma na unasikia sauti ambazo mwimbaji hakuziimba. Mwaka 1962 Robert Terhune na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya magari ya Ford, walipata mwanga wa mara tatu kutoka kwenye fuwele ya kalsaiti. Nicolaas Bloembergen wa Harvard aliipa fani nzima hesabu zake, na mwaka 1981 akawa mmoja wa washindi wa Nobeli.

Mwanga wa mara tatu una sifa mbili za kukumbuka. Kwanza, nguvu yake inakwenda kwa mchemraba: ukizidisha mwanga unaoingia mara mbili, unaotoka unazidi mara nane. Kwetu sisi, programu inayokua kwa mchemraba ni habari mbaya. Kwa watu wa optiki ni habari njema, kwa sababu ishara inazaliwa pale tu mwale ulipokusanyika kabisa, na pembeni hakuna kitu. Unapata picha ya nukta kwa nukta, hata ndani ya kitu kinene. Pili, vitu vinatofautiana sana katika kuuzaa. Maji ni mvivu. Fuwele fulani ni hodari mno.

Tatizo lilikuwa nguvu. Ukitaka mwanga mkali hivyo bila kuchoma sampuli, unaukusanya katika mipigo mifupi. Leza za titani na yakuti samawi, zilizoanza miaka ya 1980 na kukomaa mwanzoni mwa 1990, zinatoa mipigo ya femtosekunde 100 hivi. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni ya bilioni. Piga hesabu: wastani wa wati 1, chini ya balbu yoyote ya nyumbani, ukigawanywa katika mipigo milioni 80 kwa sekunde, unakupa kilele cha wati 125,000 ndani ya kila mpigo. Seli inaona wastani na haiungui, fuwele inaona kilele na inaimba. Mwaka 1997 hadubini ya kwanza inayotumia mwanga wa mara tatu ilitengenezwa katika Taasisi ya Weizmann kule Israeli.

Na mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, likaweka chini ya hadubini ya namna hiyo chembe za damu zenye malaria. Hawakuzipaka rangi ya aina yoyote. Hemozoini iliwaka. Ishara yake ya mara tatu ilikuwa kali kuliko kitu chochote kingine ndani ya chembe, kiasi kwamba chembe yenye kimelea ilijitenga yenyewe na zisizo nacho. Ile taka ya Meckel na Laveran, iliyokuwa doa jeusi kwa miaka 160, sasa ilikuwa taa.

Swali ambalo mtu wa Nyamira ana haki ya kuuliza: basi iko wapi hiyo mashine?

Kilichofika Kisii ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka, kile kikanda cha karatasi ndani ya plastiki, kikasambaa hadi kwa wahudumu wa afya ya jamii. Tone moja la damu, dakika 15 au 20, mistari miwili au mmoja. Hakihitaji umeme. Hakuna leza inayoweza kushindana nacho kwa bei, na sioni aibu kukisifu. Pamoja na vyandarua na dawa mpya, malaria ya milimani ilishuka sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta kimelea kwa takriban asilimia 6 ya watoto nchini, na asilimia 19 katika kaunti zinazozunguka ziwa. Kwenye nyanda za juu kiwango kilikuwa chini mno ya hapo.

Ila kikanda kina udhaifu wake. Vingi hutafuta protini moja ya kimelea, HRP2. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mstari unaweza kutokea kwa asiyeumwa tena. Kibaya zaidi, kuna vimelea vilivyopoteza jeni la protini hiyo na bado vinaishi vizuri. Eritrea ililazimika kubadilisha vikanda vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Kwa kimelea, HRP2 ni kitu kinachoweza kuachwa. Hemozoini si hivyo: kimelea kinachokula himoglobini lazima kitupe hemi mahali fulani. Tuwe wakweli pia: fuwele nazo hubaki kwa muda ndani ya chembe nyeupe zilizozimeza, na kimelea kichanga, kile cha umbo la pete, kina fuwele ndogo sana. Hao wachanga ndio wanaoonekana kwenye damu ya kidoleni, kwa sababu wakubwa hujificha kwenye mishipa ya ndani. Ndiyo maana ukali wa ishara si anasa.

Karibu na kwetu kuna kazi ya Ifakara, Tanzania, ambayo kila mwanaprogramu wa Afrika Mashariki angefaa kuisoma. Taasisi ya Afya ya Ifakara ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako mmoja wa wahusika ni Klaas Wynne, mkemia aliyejijengea jina kwa leza za femtosekunde. Badala ya kuleta leza hizo Ifakara, walichagua spektroskopia ya kawaida, ya mstari, ya mwanga wa infraredi ya kati, kwa mashine ndogo inayokaa mezani. Mwaka 2019 Emmanuel Mwanga na wenzake walichapisha matokeo ya matone 296 ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, 123 yakiwa na kimelea kilichothibitishwa kwa PCR na 173 bila. Walitumia rigreshoni ya lojistiki, ile unayofundishwa mwaka wa tatu chuoni, na ikapata sahihi kwa takriban asilimia 92. Nilifurahi sana kuona hivyo. Hawakukimbilia mtandao mkubwa wa neva ili kuonekana wa kisasa.

Lakini chukua namba hizohizo uzipandishe mlimani. Mashine inawakamata 93 kati ya wagonjwa 100, na kati ya wazima 100 inawasingizia 8 hivi. Pima watu 1,000 mahali ambapo asilimia 19 wanaumwa: wagonjwa 190, unawapata kama 176, na wazima 67 wanasingiziwa. Mtu akiambiwa ana malaria, kwa kawaida ni kweli. Sasa pima watu 1,000 mahali ambapo mtu 1 tu kati ya 100 anaumwa, kama inavyoweza kuwa milimani mwezi wa utulivu. Wagonjwa 10, unawapata 9. Wazima 990, unawasingizia kama 82. Kati ya kila watu kumi walioambiwa wana malaria, tisa hawana! Tumerudi 2002: daftari limejaa na hakuna ajuaye kama ni mlipuko, msimu au makosa ya mashine.

Ndiyo sababu nasema kipimo kinachotosha bondeni hakitoshi mlimani. Kadiri ugonjwa unavyopungua, ndivyo kipimo kinavyohitajika kuwa kigumu kudanganywa, na hapo ishara ya fuwele inayotoka pale tu fuwele ilipo ina faida ambayo wastani wa spektra nzima ya damu hauna. Hali kadhalika data. Mwaka 2022 Doreen Siria na wenzake, tena wakiwemo wa Ifakara, walitumia infraredi kutambua spishi na umri wa mbu, wakiwa na spektra za mbu wapatao 40,000 kutoka Afrika Mashariki na Magharibi. Modeli iliyofunzwa kwa mbu wa maabara haikuweza kuwasoma vizuri mbu wa porini mpaka ilipoongezewa mifano ya porini. Hakuna sababu ya kudhani damu ya Marani itasomwa vizuri na modeli ambayo haijawahi kuona damu ya Marani.

Wengine wameshajaribu kwenda na leza kwa wagonjwa. Nchini Cameroon kifaa kinachopiga leza juu ya ngozi kilijaribiwa kwa watu wazima wenye malaria, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Hemozoini ndani ya mshipa humeza mwanga, hupata joto ghafla, na kutoa mlio mdogo unaosikika kwa kihisio kilichowekwa juu ya ngozi. Hakuna sindano wala tone la damu. Si mwanga wa mara tatu, lakini ni doa lilelile.

Na kuhusu bei, kuna jambo ambalo watu wa mitandao tunalo mkononi bila kulifikiria. Leza ya titani na yakuti samawi ni meza nzima ya vioo, inapoozwa kwa maji, na inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hiyo haitafika Keroka. Lakini mipigo ya femtosekunde inatolewa pia na leza za nyuzi za kioo zilizotiwa erbiamu, ndogo, bila vioo vya kurekebishwa kila asubuhi. Zinafanya kazi karibu na nanomita 1,550, na hiyo si namba ya ajabu: ndiyo rangi inayobeba intaneti kwenye nyaya za faiba, zikiwemo zinazopita Kisii mjini, kwa sababu ndipo kioo kinapopoteza mwanga kidogo kabisa. Vipuri vyake vingi vimeshuka bei kwa sababu kampuni za simu duniani zinavinunua kwa wingi. Gawanya 1,550 kwa tatu upate karibu 517. Hiyo ni kijani, na hata kamera ya simu inaiona.